Nimechemsha Mlimani

3 Februari

Dada,

Barua yako imefika ikiwa na alama za vidole vya grisi vya Utingo, yule aliyefundishwa udereva na Baba, bahasha nzima, kwa hiyo najua lori lake bado linamsumbua. Hata hivyo Mungu ambariki. Asingekuwa yeye anapeleka mizigo huko kambini kwenu, mimi na wewe tungekuwa tunawasiliana kwa ndoto. Mpaka leo siamini kuna mahali ambapo simu ni saa na tochi tu.

Uliuliza mambo mawili. La kwanza, hapana, Baba hajarudi kwa daktari. Nikimgusia ananirudishia wimbo ule ule: kwamba siku ile alipozimia kwenye usukani na lori likaingia kwenye ukuta wa karakana, lilikuwa joto la kabini tu. Feni ilikuwa imekufa, jua lilikuwa kali, mtu yeyote angeanguka. Vipimo vya nini?

La pili, hapana, hajakutaja. Najua unaumia, lakini umeniomba nisikufiche. Bado ana kinyongo na wewe kwa kumwambia daktari kwamba aliwahi kuzimia mezani pia, nyumbani, chini ya paa, kivulini. Kampuni ilichukua funguo kwa neno la daktari, lakini kwake yeye ni wewe uliyezichukua.

Sasa nina shida yangu, na wewe ni fundi wa majokofu, kwa hiyo usinikwepe. Ile kompyuta ya michezo niliyokuwa naiunda kipande kwa kipande nimeimaliza. Nimeiwekea kadi ya picha kubwa kama tofali, feni nne, kasha lenye ubavu wa kioo na taa za rangi zote. Ukizima taa ya sebuleni utadhani kuna harusi. Tatizo ni joto. Nina programu inayoonyesha digrii pembeni mwa skrini: inaanza arobaini, dakika chache iko themanini, tisini, halafu skrini inakuwa nyeusi, pu! Inazima kabisa. Nikiwa kazini ndiyo inazima zaidi.

Nisaidie, dada. Usianze na maneno ya kwamba mtu mzima anacheza michezo.

Mdogo wako,
Waya


12 Februari

Mdogo wangu Waya,

Mtu mzima anacheza michezo!

Nimelitoa, sasa naweza kuendelea. Una baba anayekaa sebuleni akiangalia ukuta, baba ambaye huenda siku yoyote akaanguka akiwa jikoni mbele ya jiko lililowaka, na wewe unaniandikia ukurasa mzima wa homa ya kompyuta. Nilisoma barua yako nimesimama ndani ya chumba cha nyama, koti la baridi mwilini, na bado damu ilinichemka.

Haya. Kwa sababu wewe ni wewe, na kwa sababu mimi siwezi kuona kitu kinachemka nikapita.

Weka hili kichwani: sisi mafundi wa baridi hatutengenezi baridi. Hakuna kitu kama hicho. Tunachofanya ni kuhamisha joto, kulitoa pale lisipotakiwa na kulimwaga mahali pengine. Jokofu lolote linaloniletea matata, swali langu la kwanza ni moja: joto linataka kutoka, nani amelizuia? Kwa hiyo anzia ndani. Ile prosesa yako imekaliwa na kile kipande cha chuma cha kunyonya joto, si ndiyo? Kifungue uangalie kama vimegusana sawasawa. Kisha angalia feni zako zinapuliza wapi. Nakujua. Utakuta zote nne zinavuta hewa ndani na hakuna hata moja inayoitoa. Halafu angalia kasha umelibana wapi, maana kabati si mahali pa kitu kinachopumua.

Nina swali moja. Umeandika kwamba inazima zaidi ukiwa kazini. Inazimaje wakati wewe mwenyewe hupo? Nani anaiwasha?

Mwambie Baba namsalimu. Mwambie aniandikie hata mstari mmoja, hata wa kunitukana. Mkuu wa kambi anataka nibaki mwaka mwingine kusimamia vyumba vyote vya baridi, nami sijamjibu. Siwezi kumjibu nikiwa sijui kama Baba atakubali kupimwa. Asipokubali narudi nyumbani, nitamlinda kwa macho yangu.

Dada yako


23 Februari

Dada mkubwa, dada mwenye macho ya mwewe,

Ulivyosema ndivyo. Nilipofungua kile chuma cha kunyonya joto nilikuta chini yake kuna karatasi ya nailoni imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ITOLEWE KABLA YA KUFUNGA. Mimi ninayeshinda dukani nikiwachapishia watu matangazo, sikusoma maneno yaliyokuwa mbele ya pua yangu. Nimeitoa, nimesafisha, nimepaka pesti mpya ya kupitisha joto, kidogo tu, kama punje ya njegere. Feni nazo, ndiyo, zote nne zilikuwa zinavuta. Nimegeuza mbili. Kasha limetoka kabatini, sasa liko juu ya meza karibu na dirisha.

Nikicheza mimi jioni haivuki sabini na tano. Raha tupu. Lakini nikirudi kutoka kazini nakuta imezima na kasha limewaka moto kama pasi, na programu inanionyesha kwamba mchana ilipanda mpaka tisini na sita. Nimeangalia vumbi, nimeangalia waya, sioni kitu. Nimechoka nayo.

Swali lako la nani anaiwasha nimelisoma. Naomba uliache kwanza. Nimeapishwa, na aliyeniapisha unamjua anavyokuwa ukivunja neno lake.

Nikupe habari njema badala yake. Baba amebadilika, dada. Kweli kabisa. Asubuhi anaamka kabla yangu, ananyoa ndevu, anavaa lile shati lake la kazi lenye mifuko miwili. Anakula bila kubembelezwa. Juzi nilimsikia anapiga mluzi bafuni, nikasimama koridoni na taulo langu kama mjinga, maana nilikuwa nimesahau kwamba baba yetu anajua kupiga mluzi. Ya daktari bado, usiniulize. Lakini ule ukuta haangalii tena.

Mdogo wako mwenye siri,
Waya


2 Machi

Binti yangu,

Najua mdogo wako amekwisha kukumwagia mtama wote, hana breki za mdomo yule. Kwa hiyo sina haja ya kuzunguka.

Nimerudi barabarani. Ni wiki kadhaa sasa. Mwanzoni niliona haya, umri huu, lakini mkono ukishashika usukani haya zinaisha zenyewe. Nabeba saruji, mbao, mara nyingine magari mapya. Jana nilipanda mlima mmoja mrefu na tani thelathini nyuma yangu, ukungu mtupu, nikaupanda na gia ya tatu mpaka juu. Kichwa changu bado kipo. Wasikudanganye.

Shida ni joto tu. Nimechemsha mlimani mara nyingi. Nikichemsha nazima hapo hapo, giza, sioni mbele wala nyuma. Nakaa kidogo napoa, nawaka tena, naendelea. Sina neno na mtu. Hakuna haja ya daktari kwa jambo kama hilo, ni hewa tu haipiti.

Utingo asijue. Atanicheka kijiweni kwa madereva wote.

Nimekuandikia kwa sababu Waya anasema wewe ndiye uliyemwelekeza habari za feni, na zimesaidia. Basi ahsante.

Ni mimi,
Baba yako


6 Machi

Waya,

Naandika mbio na sitaki kujua kama unaweza kusoma.

BABA ANAENDESHA LORI. Nina barua yake aliyoiandika kwa mkono wake, iko hapa kwenye meza ya vipuri. Anazima akiwa mlimani na tani thelathini mgongoni, anasema anaona giza, "nakaa kidogo napoa, nawaka tena, naendelea." Anaendelea! Na wewe unaniambia anapiga mluzi bafuni! Hiyo ndiyo siri uliyoapishwa? Unapaka pesti kwenye kompyuta yako wakati baba yako anapita na lori karibu na watoto wa watu wanaotoka shule?

Nilimngoja Utingo ashushe mizigo nikamuuliza bila kuzunguka kama Baba amerudi kuendesha. Akajikuna shingo. Akasema hajui, ila alipita nyumbani kumsalimia mchana mmoja akasikia mngurumo wa injini tangu nje, injini nzito ya lori, na alipobisha hodi ikanyamaza. Baba akamfungulia amelowa jasho, hakumkaribisha kukaa. Siku nyingine alimuuliza ukiteremka na saruji unaweka gia gani. Mtu aliyestaafu anauliza gia ya nini?

Nimemwambia Utingo aende karakana akamuulize mkuu wao ni nani amempa mzee gari. Nimemwambia waende wote wawili nyumbani na wachukue funguo, kama ni za mtu binafsi, kama ni za mwizi, sijali. Wewe funga lango. Lala mlangoni ikibidi.

Nimeshamwambia mkuu wa kambi sibaki. Nakuja na lori lijalo. Nimemkasirikia Baba mpaka nalia, na nimekukasirikia wewe zaidi yake, kwa sababu yeye ni mgonjwa na wewe ni mzima.

Dada yako


11 Machi

Dada,

Kaa chini. Ukishakaa ndipo usome.

Baba hajagusa lori. Lori analoendesha liko ndani ya kompyuta yangu. Ni mchezo. Unanunua lori la bandia, unachukua mzigo wa bandia, unapita barabara za nchi zisizokuwepo. Nilimwekea siku moja ya mvua ili tu aache kuangalia ukuta. Nikamtafutia usukani na pedali za miguu. Siku ya kwanza alisema ni upuuzi wa watoto. Siku ya pili aliniuliza kwa nini breki ya injini haifanyi kazi. Ya tatu niliporudi kutoka kazini nilimkuta anasubiri zamu kwenye foleni ya mzani wa mchezo, mikono kwenye usukani, mnyenyekevu kabisa, kama vile askari wa barabarani anamwona. Akaniapisha nisimwambie mtu, wewe hasa. Kisha akakuandikia akidhani nimevunja kiapo, na nilikuwa sijakivunja! Mara moja katika maisha yangu nimefunga mdomo, tazama yaliyotokea.

Na kuhusu lugha yake, dada, wewe ni mtoto wa dereva. Umemsikia maisha yako yote anarudi nyumbani anasema nimepata pancha, nimekatika feni belti, nimenyoosha mpaka mpakani. Lini aliwahi kusema gari? Siku zote ni yeye. Kompyuta ilichemka, yeye akachemsha. Kompyuta ilizima, yeye akazima. Ndiyo hivyo tu.

Sasa nikuambie walivyokuja, kwa sababu unapaswa kujua. Ilikuwa mchana, nimerudi kula. Utingo na mkuu wa karakana walibisha hodi mara moja na wakaingia. Baba akafanya kile ambacho kumbe hukifanya kila mgeni akija: alivuta shuka la kitandani kwake, analoliweka tayari karibu na meza, akaifunika kompyuta nzima, ikiwa inawaka, feni zinapiga kelele chini yake. Hapo ndipo nilipoielewa ile tisini na sita. Anaificha kwa aibu, inakosa hewa, inazima, na yeye anadhani ni mlima!

Mkuu wa karakana akamwuliza funguo ziko wapi. Baba akauliza funguo gani. Utingo, naye hana akili, akasikia mngurumo chini ya shuka akalivuta. Lori lilikuwa limesimama katikati ya barabara, taa za dharura zinawaka. Wakacheka, dada. Mkuu alicheka mpaka akashika ukuta. Utingo alianza kucheka, halafu akaangalia uso wa Baba akaacha.

Waliposema ni wewe uliyewatuma, Baba alichomoa waya wa umeme ukutani. Akakunja shuka vizuri, pembe kwa pembe, akaenda kulala. Tangu siku hiyo shati la mifuko miwili liko kwenye msumari na amerudi kwenye ukuta wake.

Usije sasa hivi. Ukija atadhani umekuja kumkagua.

Waya


15 Machi

Baba yangu,

Shikamoo.

Nimekuaibisha mbele ya watu waliokuwa wakikuita mkuu wa njia. Nimesoma barua yako kwa woga badala ya kuisoma kwa masikio, na masikio yangu yanakujua. Waya ameniuliza lini uliwahi kusema gari, nikacheka peke yangu kwenye chumba cha samaki, kisha nikalia. Nakumbuka ulivyorudi siku moja ukasema umevunjika ekseli, na mimi, nilikuwa mdogo sana, nikakupapasa mgongo kutafuta ilipovunjika. Nisamehe.

Lakini, Baba, sitakudanganya ili tu uniandikie tena. Nimekuomba radhi kwa kuwatuma wale. Sikuombi radhi kwa nilichomwambia daktari. Ulizimia mezani, kijiko mkononi, na uliporudi ulimalizia sentensi yako kama vile hakuna kilichotokea. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa mbele yako. Nilihesabu pumzi zako. Sijawahi kuogopa namna ile, na nikiulizwa na daktari kesho nitasema hivyo hivyo.

Ukikasirika, kasirika. Ila washa lori lako. Na ukilifunika shuka tena nitakuja mwenyewe nilichome hilo shuka. Kitu kinachofanya kazi kinatoa joto, Baba, na joto lazima lipewe njia. Fungua dirisha, sogeza kasha kutoka ukutani kiasi cha mkono kupita, na wageni wakija waache waone.

Binti yako


29 Machi

Dada,

Shuka limerudi kitandani, na huwezi kuamini nani amelirudisha.

Utingo alikuja Jumapili na mkungu wa ndizi, mwenyewe, bila mkuu wa karakana. Akasimama mlangoni akasema, "Mzee, shikamoo. Nimekuja unifundishe ule mlima." Baba akamwangalia mpaka viatuni. Nadhani alikuwa anapima kama anachekwa. Kisha akasema, "Vua viatu, usinikanyagie pedali na matope." Na ikawa imeisha. Utingo, dereva wa leseni kubwa, aliingiza lori kwenye duka la maua kona ya kwanza. Baba alimfokea kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu zamani. "Kioo! Angalia kioo! Nilikufundisha nini mimi?" Utingo anaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, jasho linamtoka.

Sasa wanakuja madereva wawili watatu siku za mapumziko. Wanakaa kwenye sakafu wakibishana kuhusu gia. Mimi nimekuwa mtu wa kuchemsha chai. Kompyuta iko wazi, dirisha wazi, feni mbili zinavuta na mbili zinatoa, na hata ikifanya kazi kutwa haifiki sabini. Haijazima hata mara moja. Nimeishinda, dada, na ushindi nusu ni wako.

Barua yako ameisoma mbele yangu. Alipofika penye daktari aliikunja akasema, "Mkaidi kama mama yake." Hakusema kwa ubaya. Lakini jana aliniita akanionyesha namba pembeni mwa skrini. "Umeona? Ilikuwa joto. Joto likiondoka, hakuna kuzima. Mwandikie dada yako." Basi nakuandikia. Na nikuambie ukweli, nikimwona anavyopendeza siku hizi, hata mimi naanza kuamini. Labda kweli ilikuwa kabini tu. Labda tumwache.

Ulifanya vizuri kutokuja. Mkuu wako wa kambi bado anakungoja? Mwambie umebadili nia, unabaki.

Waya


8 Aprili

Mama, binti yangu,

Waya hajui nilichoandika humu. Utingo nimemwambia akupe mkononi.

Jana asubuhi nilikuwa nateremka kuelekea daraja, saruji nyuma. Ilikuwa asubuhi, jua halijapata nguvu. Dirisha wazi, upepo unaingia mpaka pazia linanigusa begani. Nimekwisha kunywa chai, nimelala vizuri, sina mawazo. Nakuandikia yote hayo kwa sababu nimeyapitia moja moja nikitafuta mlango wa kutokea, na sikuupata.

Niliona daraja. Halafu niliona maji. Katikati yake hakuna kitu. Lori limelala ubavu mtoni, injini inanguruma, waipa zinafuta kioo. Kidevu changu kilikuwa juu ya usukani na mate yamenilowesha shati.

Jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta wa kumlaumu. Niliangalia ile namba pembeni. Sitini na nne. Nikaweka kiganja juu ya kasha, nikaona halina hata joto la kikombe. Feni zinazunguka zote. Skrini inang'aa, kila kitu mahali pake, mto, daraja, kingo iliyovunjika. Mdogo wako amefanya kazi safi. Wewe pia. Mmeiondolea mashine joto lote, na pamoja na joto mmeniondolea neno langu la kusema.

Zile mara nyingine nilizosema imezima, sasa sijui. Nilikuwa nakuta giza na ninasema ni yenyewe. Labda nyingi zilikuwa zake, lile shuka. Lakini nyingine nakumbuka nilikuta taa zinawaka, nikajiambia imejiwasha tena.

Pembeni mwa lile daraja kuna njia ya waenda kwa miguu. Kwenye mchezo hakuna mtu anayepita pale, hawakuweka watu. Nilikaa nikaiangalia ile njia muda mrefu sana. Nimeendesha miaka mingi, najua daraja la asubuhi linavyokuwa na watu. Najua wanavyobeba vitu vyao kichwani na wanavyowashika watoto mkono upande wa ndani. Ningekuwa nimewafagia wote na kuamka nikiuliza feni.

Nilikukasirikia kwa sababu ulisema kweli mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe, na mimi nimekaa pale kama mzigo unaopimwa. Hilo bado linaniuma. Lakini ulisema kweli, na mimi nilijua ni kweli siku ile ile. Niliogopa, mama. Sikuogopa kufa. Niliogopa kukaa tu, naangalia ukuta.

Njoo. Kazi yako mwambie mkuu wenu akupe siku chache tu, usiiache, mwaka wako ubaki. Nataka twende kwa daktari, na nataka wewe ndiye uzungumze. Mimi nikikaa mbele yake nitaanza habari za jua na kabini, najijua. Nikianza, unikanyage mguu.

Mashine haikuzima. Nimezima mimi.

Baba yako